Vikundi vya wazazi wanaolea peke yao vianze na zamu, si mchango

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vikundi vya kusaidiana vya wazazi wanaolea watoto bila mwenza, ambavyo vinazidi kuchipuka hapa Malindi. Nazungumzia wajane, waliopewa talaka, waliotelekezwa, wasichana waliozaa wakiwa bado shuleni, na pia wanaume ambao wake zao wamefariki au wameondoka wakawaachia watoto, nao ni wengi kuliko jamii inavyopenda kukiri. Mimi mwenyewe ni mjane, na nimo katika kikundi kimoja cha aina hiyo mtaani Barani tangu kilipoanzishwa. Kinachonifanya niandike ni kwamba vikundi vingi nilivyoviona vikianza, kuanzia Maweni na Kisumu Ndogo hadi Muyeye na Ganda, hufungua mkutano wa kwanza kwa kujadili kiwango cha mchango wa kila wiki, na vingi kati ya hivyo husambaratika kabla ya mwaka kwisha. Watu husema vimevunjwa na umbea, au na mweka hazina. Kwa maoni yangu vilivunjika siku ile ya kwanza, pale mchango ulipotajwa kabla ya jambo lingine lolote.

Sina neno baya na vyama vya kuchangiana. Wanawake wa Pwani wamecheza michezo ya pesa tangu enzi za bibi zetu, na ziko nyumba nyingi Malindi zilizoezekwa, na watoto wengi waliomaliza masomo, kwa fedha za mchezo. Lakini mchezo humdai kila anayeuingia awe na hakika ya kipato chake, hata kama kipato chenyewe ni kidogo, na mzazi anayelea peke yake katika mji wetu mara nyingi hana hakika hiyo. Mvua za masika zinapoanza mwezi wa Aprili, hoteli nyingi za ufuoni hufungwa au hupunguza wafanyakazi, na anayetandika vitanda au kufua mashuka huambiwa arudi Julai, watalii watakapoanza kurejea. Majira hayo hayo pepo za kusi huichafua bahari, mashua ndogo hazitoki, na mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga, aliyezoea kusubiri samaki ufuoni hurudi nyumbani na beseni tupu. Nyumba yenye wazazi wawili huenda ikavuka kipindi hicho kwa kibarua cha yule mwingine. Nyumba ya mzazi mmoja haina huyo mwingine. Basi mchango wa shilingi 200 hukwama wiki ya kwanza, wa wiki ya pili hufuata pamoja na faini, na baada ya mwezi mmoja mwanachama huyo huanza kupita njia za nyuma asikutane na mweka hazina. Ukichunguza utaona kwamba waliotoka mwanzo ndio waliokihitaji kikundi kuliko wote, na waliobaki ni wale ambao hata bila kikundi wangejimudu.

Ni kweli kwamba mzazi wa peke yake ana shida ya pesa. Hata hivyo, shida inayomkaba kila siku, na ambayo hata akipata pesa haimwondokei, ni kukosa mtu wa pili. Mtoto mmoja akilazwa hospitalini, mzazi hulazimika kukesha naye wodini. Je, wale wawili waliobaki nyumbani watalala na nani? Akipata kazi ya usiku, ambayo hotelini ndiyo hupatikana kwa urahisi zaidi, nani atahakikisha kwamba watoto wamekula, wameoga na mlango umefungwa? Akitakiwa kufika ofisi ya serikali saa mbili na nusu asubuhi, naye ana mtoto wa miaka miwili ambaye hajaanza chekechea, atamwacha wapi? Jirani atamsaidia mara ya kwanza na ya pili kwa moyo mkunjufu, lakini mara ya tatu ataanza kusita, na mzazi ataona aibu kuomba tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyezoea kuwa na mwenza ni vigumu kukisia inavyochosha kuamua kila jambo peke yako, tangu homa iliyopanda usiku wa manane hadi kama huyu aendelee na shule hii au ahamishwe. Fungu la mchezo likifika mkononi mwa mzazi kama huyu, atalifurahia, lakini swali la nani akae na watoto litabaki pale pale.

Ndiyo maana kikundi chetu kilianza na daftari la zamu. Ni daftari la kawaida la shule, lililopigwa mistari kwa rula, lenye nafasi ya jina la anayemwachia mwenzake watoto, jina la anayewapokea, siku, saa ya kuwaleta, saa ya kuwachukua, na mahali watakapokuwa. Pembeni kuna nafasi ya maelezo mafupi, na huko ndiko utakuta mambo ambayo mgeni hangeyafikiria: kwamba mtoto huyu ana pumu na dawa yake ya kuvuta iko kwenye mfuko wa mbele wa begi, kwamba yule asipewe maziwa, kwamba dada yao mkubwa ndiye pekee anayeruhusiwa kuja kuwachukua mama akichelewa, na kwamba mjomba wao, hata akija na maneno matamu, asikabidhiwe. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunakutana katika darasa moja la chekechea tulilopewa ruhusa ya kulitumia, tunasogeza viti vidogo ukutani, tunatandika mikeka, na wanachama wawili wenye zamu wanabaki uani na watoto wote wakati wengine wanazungumza. Daftari hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja hujaza wiki inayokuja kadiri anavyoijua. Mama anayefulia watu nguo katika nyumba za kukodisha za Casuarina hutoa Jumapili asubuhi yake na kupokea Jumanne jioni. Dereva wa tuktuk hutoa safari ya kumpeleka mtoto kliniki na kupokea malezi ya usiku anapokesha kazini.

Sheria za zamu hizo hazikuandikwa siku moja. Tulikubaliana kwamba mtu mmoja asiachiwe watoto zaidi ya wanne pamoja na wake mwenyewe, kwa sababu mwenye huruma akielemewa hachelewi kuchoka. Tulikubaliana kwamba kila mwanachama aseme wazi ni watu wazima gani wengine wanaoishi au kulala nyumbani mwake, na kwamba mwenzake ana haki ya kukataa bila kuulizwa sababu. Na tulikubaliana kwamba chakula cha mtoto kitoke kwao, hata kama ni kipande cha muhogo na chai katika chupa. Sheria hii ya chakula iliwashangaza wengi, maana katika mila zetu mgeni hanyimwi chakula na ni aibu kumwambia mtu aje na chake. Lakini katika kikundi cha watu ambao kila mmoja anahesabu vibaba vya unga, kinyongo cha kwanza huzuka jikoni, nacho huzuka bila mtu kusema neno. Mtoto akija na chakula chake, na mwenyeji akaongeza alichojaliwa, hakuna anayehisi kwamba wema wake umetumiwa vibaya.

Hatutozi faini kwa mtu anayepokea saa nyingi kuliko anazotoa. Wako walionishauri kwamba bila faini watu watazembea, na naelewa hofu hiyo, lakini tulichojifunza ni kwamba deni la saa linapokua, mara nyingi nyuma yake kuna ugonjwa, mimba, kazi mpya yenye masharti magumu, au huzuni ambayo mtu ameshindwa kuitaja. Kwa hiyo mwenye deni kubwa katika daftari ndiye tunayemtembelea kwanza. Mchango wa fedha hauna uwezo wa kutoa habari ya namna hiyo. Mtu asipolipa, unajua tu kwamba hakulipa.

Kazi ya pili ya zamu ni kusindikizana, na hapa naomba niseme kwa kirefu, kwa sababu wazazi wengi hupoteza haki za watoto wao kwa kukosa mtu wa kwenda naye tu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kinatamka kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imeweka msingi huo huo, ilhali ile ya zamani ilimtwika mama jukumu la kwanza kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mwaka 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kilichozuia jina la baba kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa iwapo hakumuoa mama wala hakuomba pamoja naye liandikwe, kilikuwa kinyume cha Katiba. Kwa Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya mji huu, mambo ya ndoa, talaka na mirathi husikizwa na Mahakama ya Kadhi, na mwanamke aliyepewa talaka ana masurufu ya eda na matunzo ya watoto ya kudai. Haki hizi zote zipo. Ila mwanamke aliyelelewa kuamini kwamba kudai matunzo ni kujivunjia heshima, anapofika mlangoni mwa ofisi na kumkuta baba wa mtoto amekuja na kaka zake, mara nyingi hugeuka akarudi nyumbani.

Msindikizaji wetu si wakili, na tunamkataza kabisa kuzungumza kwa niaba ya mwenzake. Anachofanya ni kukaa naye kwenye benchi, kumkumbusha kubeba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, na risiti za shule na za dawa alizozihifadhi, kuandika jina la ofisa aliyewasikiliza na tarehe waliyoambiwa warudi, na wakati huo huo mwanachama wa tatu amekaa na watoto nyumbani. Katika ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, ofisa anaweza kumwita mzazi wa pili na kuwasaidia wote wawili kuandika makubaliano ya matunzo bila kufika mahakamani, na makubaliano mengi hupatikana hapo iwapo mlalamikaji ana subira ya kurudi mara ya pili na ya tatu. Subira hiyo ndiyo anayokosa mtu mwenye kibarua cha kutwa na mtoto mgongoni. Nimeshuhudia mama aliyekuwa ameacha kufuatilia, akaanza tena baada ya kupata mtu wa kwenda naye, na sasa baba wa watoto wake hutuma kiasi walichokubaliana kila mwisho wa mwezi. Alichohitaji kutoka kwetu kilikuwa asubuhi chache tu za watu wawili.

Kuhusu wanaume, najua kwamba wapo wasomaji watakaopinga, na hata kikundini mwetu mjadala ulikuwa mrefu. Baadhi ya wanawake walikuwa na sababu nzito za kutotaka kukaa na mwanamume yeyote mkeka mmoja, na wengine walihofia maneno ya mtaani. Kilichobadilisha fikra zetu ni mvuvi mmoja mjane aliyekuja kwa aibu kubwa, akasimama nje ya dirisha, akaomba azungumze na mwanamke yeyote mtu mzima. Binti yake alikuwa amevunja ungo, mama yake hayupo, shangazi zake wote wako mbali, na yeye hakujua hata pa kuanzia, kwa kuwa katika malezi yetu baba hasemi na binti juu ya jambo hilo. Wawili kati yetu walikwenda wakazungumza na mtoto, wakamwonyesha namna ya kujitunza, wakamwachia pedi, na tangu siku hiyo ana mtu wa kumwendea. Mwanamume huyo leo ndiye anayetengeneza makufuli na milango ya nyumba zetu, kazi ambayo mama mwenye watoto wadogo na mlango usiofungika hawezi kuidharau. Tuliweka mipaka: mikutano yote ni mchana, anayemtembelea mwanachama wa jinsia nyingine huenda na mwenzake, na anayekuja kutafuta mchumba huambiwa kwa heshima kwamba hapa si mahali pake. Hakuna jipya katika kuchanganya akina mama na akina baba. Chama cha Parents Without Partners, ambacho kilianzishwa New York mwaka 1957 na kikawa mfano kwa vingi vilivyofuata, kiliasisiwa na mama mmoja na baba mmoja, Jacqueline Bernard na Jim Egleson, ambao waliona kwamba upweke wa mlezi ni ule ule. Kule Uingereza, Gingerbread, iliyoanzishwa London mwaka 1970 na mama aliyeitwa Tessa Fothergill, nayo huwahudumia wazazi wote bila kujali jinsia.

Wasichana waliozaa wakiwa bado watoto wanahitaji uangalifu wa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, na yeyote anayeishi katika kaunti yetu ya Kilifi anawajua baadhi yao kwa majina. Msichana wa miaka 16 hana kitambulisho, kwa hiyo hawezi kuandikwa katika orodha rasmi ya kikundi, lakini hakuna sheria inayomzuia kukaa mkekani na kuwekwa katika daftari la zamu. Kwa huyu, zamu moja ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ni ya asubuhi, siku za shule. Tangu 1994 serikali imekuwa na sera inayomruhusu msichana aliyezaa kurudi masomoni, na mwongozo wa kuitekeleza ulitolewa upya mwaka 2020; kinachomzuia, baada ya mwalimu mkuu kukubali, ni nani atakayembeba mtoto kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Bibi yake msichana akiwa anauza mahamri barabarani, na mama akiwa kibaruani, sera hiyo hubaki karatasi. Wanachama watatu wakigawana siku tano za wiki, msichana hukaa darasani. Naongeza kwamba kikundi kisiwe mahali pa kuficha uhalifu. Aliyempa mimba mtoto aliye chini ya miaka 18 ametenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na kikao cha wazee cha kukubaliana juu ya mbuzi au fedha hakifuti kosa hilo. Nambari ya simu ya 116, ambayo haitozwi malipo, ipo kwa ajili ya kuripoti madhila ya watoto, na ile ya 1195 kwa ajili ya dhuluma za kijinsia. Nambari zote mbili zimebandikwa ndani ya jalada la daftari letu.

Mazungumzo ya mkekani nayo yana adabu yake. Hakuna anayelazimishwa kusimulia, hakuna anayekatizwa, na hakuna anayehubiriwa. Masheikh na wachungaji wametusaidia sana, na tunawashukuru, lakini tuliwaomba wasiongoze vikao, kwa kuwa mtu aliyeachwa hushindwa kusema ya moyoni mbele ya mtu ambaye kesho atamkuta mimbarini. Yanayosemwa hayatoki nje, na katika kundi letu la simu hatuandiki habari za mtu wala kutuma picha za watoto. Kundi hilo ni la kupanga zamu tu. Wanasiasa wawili watatu wametaka kuja kugawa unga na kupiga picha. Tuliwakaribisha walete unga bila kamera, nao hawakurudi. Nasema hili bila uchungu wowote, ila viongozi wa vikundi wajue kwamba mama aliyekimbia mume mkatili anaweza kupatikana kwa picha moja tu.

Usajili ni muhimu, lakini si wa kukimbilia. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ndiye anayepokea maombi pamoja na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kukianzisha, na orodha ya wanachama na vitambulisho vyao. Cheti hicho ndicho kinachofungua mlango wa kuweka akaunti ya benki na kuomba mikopo kama ile ya Hazina ya Uwezo. Ushauri wangu ni kwamba watu wapeane zamu kwanza kwa miezi kadhaa, wajuane nani ni mtu wa ahadi na nani si mtu wa ahadi, halafu ndipo wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Aliyefika kwa wakati kumchukua mtoto wa mwenzake siku ya mvua, tena zaidi ya mara moja, ameonyesha kama anaweza kushika fedha za watu. Na fedha zikija, ziwe na daftari lao mbali na lile la zamu, wachangie wanaopenda na kwa kiasi wanachoweza, na asiyechanga asipoteze haki ya zamu hata moja. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote katika barua hii, kwa sababu ndilo linalomrudisha mtu mkutanini hata mwezi wa Mei ambao mfukoni hana kitu.

Viongozi nao wabadilishane mapema. Mwenyekiti wa kikundi cha namna hii ni mzazi wa peke yake kama wengine, na akiachwa apokee simu zote za usiku kwa mwaka mzima ataugua. Sisi tumeweka kwamba anayepokea simu hubadilika kila mwezi, na simu yenyewe, ya bei rahisi na yenye laini moja, hukabidhiwa mwingine mbele ya wote.

Nina maombi mawili kwa wanaohusika. La kwanza ni kwa walimu wakuu, kamati za misikiti na wazee wa makanisa wenye madarasa na kumbi zinazokaa tupu Jumamosi alasiri: watukubalie funguo. Kikundi kinachokutania nyumbani kwa mtu huonekana kuwa ni cha mtu huyo, na akikosana na mmoja, huyo mmoja hana tena pa kwenda. Isitoshe, nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja, na watoto 20 hawana uwanja wa kuchezea. Tunachohitaji ni paa, uwanja wenye ua, choo na maji, kwa saa tatu kwa wiki, nasi tutafagia kabla ya kuondoka. Ombi la pili ni kwa ofisi ya watoto na ofisi ya maendeleo ya jamii hapa Malindi: watenge angalau alasiri moja kwa mwezi ambapo ofisa atakuja mahali tunapokutania na kuwasikiliza wazazi hapo, badala ya kila mmoja kupoteza kibarua cha siku nzima kwa kupanga foleni. Vikundi vya Mambrui, Gede na Kakuyuni, ambako nauli ya kuja mjini ni mzigo mwingine, vingenufaika na mpango huo hata kuliko sisi wa mjini, na ningependekeza ziara za ofisa zianzie huko.

Mjane na mama wa watoto watatu,
Barani, Malindi